SOMO: Feni ya ndani ya gari haipulizi? Pima kabla hujanunua mota

Wakuu, naandika hili mara moja likae hapa, maana nimechoka kujibu "feni yangu imekufa, ninunue mota?" Usinunue kitu mpaka umepima. Nazungumzia feni inayopuliza hewa usoni na kwenye kioo, siyo ile ya kupoza rejeta.

Anza na dalili. Ikifanya kazi namba ya juu kabisa tu, nyingine kimya, mshukiwa ni resista, kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole: kwenye namba ya juu umeme hauipitii, ndiyo maana hiyo peke yake inabaki hai. (Gari lenye AC ya otomatiki mara nyingi halina resista, lina moduli (kidhibiti cha kielektroniki), kwa hiyo dalili hii usiitegemee.) Ikizunguka vizuri lakini upepo kiduchu, badilisha filta ya hewa ya ndani kwanza. Ikipiga kelele, kuna jani limeingia au beringi imechoka. Ikiwa kimya namba zote, twende pamoja.

Hatua ya 1. Fyuzi. Ipime, usiitazame tu. Iliyokatika weka ya ampea zilezile. Ikikatika tena usipandishe ukubwa wala usiunge waya: utaunguza nyaya, pengine na gari.

Hatua ya 2. Rilei, swichi inayowashwa kwa umeme. Ibadilishane na nyingine yenye namba zilezile mgongoni.

Hatua ya 3. Ifikie mota. Mara nyingi iko chini au nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Plagi za njano ni za eabegi, ziache.

Hatua ya 4. Pima umeme kwenye mota. Hapa ndipo mimi nilipochemka. Nilibana klipu ya testa kwenye bodi (chuma cha gari, ambacho ndicho hasi), nikagusa waya mmoja wa mota, taa ikawaka. Nikajisemea umeme unafika, mota imekufa. Nikanunua mpya, nikaifunga nimelala chali chini ya dashibodi, skrubu zinaniangukia usoni, nikawasha. Kimya. Ile ya zamani nikaiunga moja kwa moja na betri: ikazunguka mpaka ikataka kunitoka mkononi. Kumbe kwenye magari mengi chanya inakwenda kwenye mota moja kwa moja, na kasi inapangwa upande wa hasi: kutoka mota umeme unapita resista (namba ya juu unairuka), kisha swichi, kisha bodi. Testa yangu iliazima hasi ya bodi, ikaruka palepale palipokatika.

Kwa hiyo: plagi ibaki imechomekwa, swichi ya gari ON, feni namba ya juu, ncha zote mbili za multimita kwenye nyaya mbili za mota, ukizipenyeza kwa nyuma ya plagi. Ukisoma karibu volti 12 na haizunguki, mota imekwisha. Ukisoma sifuri, hamishia ncha nyeusi kwenye bodi. Nyekundu ikisoma 12 kwenye nyaya zote mbili, njia ya hasi imekatika. Ikisoma sifuri kote, rudi kwenye fyuzi na rilei.

ONYO: usipime plagi ikiwa imechomolewa. Multimita haivuti umeme wa maana, itakuonyesha 12 hata kama kontakti imeoza.

Hatua ya 5. Resista. Kwa kawaida ni skrubu mbili. Kagua na plagi yake. Ikiwa imeyeyuka, badilisha vyote viwili. Usiijaribu ikiwa inaning'inia nje, inapozwa na upepo wa feni yenyewe.

Hatua ya 6. Jaribu namba zote kabla hujarudisha droo.

MASWALI

— Mkuu, feni yangu haifanyi kazi, shida itakuwa nini?

Hatua ya 1 mpaka ya 4. Ukirudi, njoo na vipimo.

— Hii ni resista ya tatu, kila moja wiki mbili tu. Spea feki zimejaa!

Feki zipo, sikatai. Ila tatu mfululizo? Plagi ulibadilisha?

— Hapana, ilikuwa imeyeyuka kidogo tu.

Hiyo "kidogo tu" ndiyo inayokula resista zako. Nimeiandika hatua ya 5. Halafu zungusha mota kwa mkono: ikiwa nzito inavuta ampea nyingi, na ya nne itaungua vilevile.

— Yangu inaanza nikiigonga kwa chini.

Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha. Kugonga kunazirudisha zikaguse kwa muda. Tafuta mota, safari hii nakuruhusu.

— Samahani mkuu, swali la kujifunza. Kwenye namba ndogo, umeme ambao mota haiutumii unakwenda wapi?

Swali zuri. Unageuka joto. Tuseme namba ya 1 mota inapata volti 5, resista inabaki na 7, na ampea 4 zinapita. 7 mara 4 ni wati 28, karibu sawa na pasi ya kulehemu ya fundi redio, imefichwa ndani ya dashibodi yako. Ndiyo maana imewekwa kwenye njia ya upepo, na ndiyo maana filta iliyoziba inaweza kuiua: upepo unapungua, pasi inabaki inawaka.

— Naongezea: yangu mota ilikuta maji. Majani yaliziba tundu la kutolea maji chini ya waipa, mvua ikashukia kwenye feni.

Kweli kabisa, na harufu ya uvundo ndiyo inayotangulia. Safisha hapo kila ukibadilisha filta.

— Mkuu, ni mimi wa swali la kwanza. Fyuzi nzima, rilei nzima. Katikati ya nyaya mbili sifuri, lakini kwa bodi zote zinasoma 12.

Umeona sasa? Mota usiiguse. Fungua resista, weka picha ya plagi hapa.