Kabla Hujamjibu Mwanao: Mwongozo wa Kutazama Mashindano ya Vikosi vya Matarumbeta Marekani

Wazazi wengi wa kwetu hapa Marekani wanaijua bendi ya shule kwa gharama zake: ala ya kukodi, viatu vya sare, mazoezi ya Agosti juani, na kumsubiri mtoto usiku wa Ijumaa mpaka mechi ya futiboli iishe. Kisha mtoto anafika darasa la kumi au la kumi na moja na kuja na ombi jipya. Anataka kujaribiwa kwenye kikosi cha matarumbeta na ngoma kinachozunguka nchi kiangazi kizima, vijana wake wakilala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, na kila mmoja akilipa dola elfu kadhaa. Jibu la kwanza la mzazi wa kwetu linajulikana. Ninachoomba ni kimoja tu: usiseme ndiyo wala hapana kabla hamjaenda pamoja kutazama shindano moja la kanda. Na mfike mapema.

Mashindano yenyewe huendeshwa na Drum Corps International, DCI kwa kifupi, shirika lenye makao yake Indianapolis. Liliundwa mwaka 1971, na ubingwa wa kwanza ukachezwa mwaka uliofuata mjini Whitewater, Wisconsin. Kikosi cha daraja la juu huwa na vijana hata zaidi ya 150, wasiozidi umri wa miaka 22: wapiga matarumbeta, wapiga ngoma, na kundi la bendera linalorusha bendera, panga na bunduki za mbao hewani na kuzidaka. Hakuna klarineti wala saksofoni. Mwanao akiwa mpiga saksofoni, akitaka kuingia huko itabidi ajifunze ala nyingine. Mbele ya uwanja hupangwa marimba, vibrafoni na vinanda vya umeme. Kikosi huandaa onyesho moja tu la dakika kama kumi au kumi na mbili, kikaanza kulifanyia mazoezi ya kutwa nzima mwezi Mei, na kulirudia hilohilo mji baada ya mji hadi Agosti. Ndiyo maana onyesho utakaloliona Julai bado linanolewa.

Mwenye asili ya pwani asidhani mambo haya ni mageni kwake. Kuanzia miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zilikuwa na beni: vyama vya ngoma vilivyovaa sare, vikapeana vyeo, vikacheza gwaride kwa matarumbeta na kushindana mtaa kwa mtaa. Mombasa walikuwa Kingi na Skochi; Tanganyika wakaja kuwa Marini na Arinoti. Vita Kuu ya Kwanza iliisambaza beni hadi bara, ikibebwa na askari na wapagazi. Vikosi vya Marekani navyo vilistawi baada ya vita hiyohiyo, wanajeshi waliorudi nyumbani walipoanzisha vikundi vya vijana kwa ngoma na mabaragumu ya jeshini. Mzee wako aliyewahi kusimama barabarani akibishana ni beni ipi imeivunja nyingine angekaa kwenye viti hivi akajiona yuko nyumbani. Na Mkongomani aliyekua akisikia fanfa, yaani bendi ya matarumbeta, ya kanisa la Wakimbangu hahitaji kushawishiwa kwamba tarumbeta mia moja zikilia pamoja ni jambo la maana.

Wapi na lini

Msimu huanza mwishoni mwa Juni na kufikia kilele wiki ya pili ya Agosti ndani ya Lucas Oil Stadium, Indianapolis, ambako ubingwa umekuwa ukichezwa tangu 2009. Katikati hapo kuna mashindano madogo katika viwanja vya shule za sekondari, na yale makubwa ya kanda. Kwa anayeenda mara ya kwanza, mimi namshauri la kanda. Kwenye shindano dogo utaona vikosi vichache ukarudi nyumbani. Kwenye la kanda unaona vikosi vingi vya nchi siku moja, vya juu na vya chini, na tofauti yao ndiyo inayokufundisha kutazama.

La San Antonio, Texas, kwa kawaida hufanyika Julai ndani ya Alamodome. Uwanja umeezekwa na una viyoyozi, jambo linalojulikana thamani yake na kila aliyekaa Texas mwezi Julai. Ndugu walioko Houston wana mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Wa Dallas waongeze kama saa moja na nusu. La Allentown, Pennsylvania, hufanyika nje, usiku mbili mfululizo mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, vikosi vikigawanywa Ijumaa na Jumamosi. Hapo mashabiki ni wa siku nyingi na uwanja ni mdogo kiasi cha kusikia pumzi za wapigaji. Atlanta nayo imekuwa mwenyeji kwa miaka mingi. Tarehe na viwanja hubadilika, kwa hiyo angalia ratiba ya mwaka huo kwenye tovuti ya DCI kabla hujaomba ruhusa kazini.

Kiti, mkoba na chakula

Nunua tiketi ya kiti cha juu. Najua mtu akilipa hela yake anataka kukaa mbele, lakini hapa ukikaa mbele utaona migongo ya marimba na miguu ya watu. Onyesho limechorwa litazamwe kutoka juu, ambako mistari inageuka duara na duara linafunguka kuwa mshale. Pata kiti kilicho karibu na mstari wa yadi 50, yaani katikati ya urefu wa uwanja, upande ambao wapigaji wanauelekea, katikati ya ngazi au juu yake. Viti vya kona ni vya bei nafuu, lakini ukikaa huko matarumbeta hulielekeza pigo lao kwa watu wengine.

Viwanja vikubwa vinavyotumiwa kwa futiboli mara nyingi haviruhusu mkoba wa kawaida. Unatakiwa mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, pamoja na pochi ndogo ya mkononi. Mama mwenye mtoto mchanga aulize mapema kuhusu mfuko wa nepi. Mtoto mdogo mnunulie vifunika masikio vile vya kuzuia kelele, maana sauti ni kubwa kwelikweli. Uwanja wa wazi una mabenchi ya aluminiamu yanayounguza mchana na kuganda usiku: beba mto wa kukalia, kofia na koti la mvua. Mwavuli uache, unamziba aliye nyuma yako. Radi ikipiga karibu, kila kitu husimamishwa, na kwa kawaida hesabu ya dakika 30 huanza upya kila inapopiga. Usikimbilie nyumbani kwa radi ya kwanza.

Chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi ndani ya viwanja vingi, kwa hiyo kuleni mshibe kabla ya kuingia. Pilau iliyobaki kwenye kontena, ikaliwa pembeni mwa gari, ni bora kuliko soseji ya bei mbaya. Anayekula halali aulize kila nyama, maana nguruwe iko nyingi kwenye vibanda hivyo. Shindano la kanda huanza mchana na kwenda hadi usiku, hivyo swala za alasiri na magharibi zitakukuta huko. Watumie wahudumu wa uwanja: waulize kwa upole mahali patulivu na watakuelekeza. Tazama orodha ya vikosi ujue mapumziko yameangukia wapi, upange kulingana nayo.

Maegeshoni

Hapa ndipo nisipotaka mtu afanye haraka. Saa moja au mbili kabla ya kuingia uwanjani, kila kikosi hujipasha moto nje, mara nyingi kwenye maegesho au kwenye nyasi za karibu, na watu husimama kuzunguka wapiga ngoma umbali wa hatua chache. Mara nyingi hata tiketi hawakuulizi. Sikiliza ngoma za besi, tano zenye ukubwa tofauti, kila moja na mpigaji wake. Wimbo unaotoka umegawanywa pigo kwa pigo, huyu moja, yule moja, na wewe unasikia kama mtu mmoja anapiga kwa mikono kumi. Tazama wenye ngoma ndogo uone kama vijiti vyote vinanyanyuka kimo kimoja. Usiwasemeshe vijana kwa wakati huo, wala usikatize kati yao na mwalimu wao. Wanapoondoka kwenda langoni, wapishe njia.

Kinachonifanya niwaheshimu vijana hawa ni fizikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na uwanja una urefu wa karibu mita 91 kati ya mistari ya magoli. Sauti ya aliye mwisho mmoja inamfikia aliye mwisho wa pili baada ya zaidi ya robo ya sekunde. Mwendo ukiwa mapigo 180 kwa dakika, pigo zima ni theluthi moja ya sekunde. Ina maana kijana akifuata masikio yake peke yake, amechelewa karibu pigo zima. Kwa hiyo hufundishwa lini aamini mikono ya kiongozi aliyesimama jukwaani, lini aamini ngoma zilizo nyuma yake, na miguu yake isikose hatua huku akikimbia kinyumenyume amebeba ala. Ukishalijua hilo, pigo la pamoja la vijana mia na hamsini halikupiti tena kama kelele.

Ndani ya uwanja

Wimbo wa taifa ukipigwa, simama na uvue kofia. Onyesho likiwa linaendelea hakuna kuingia wala kutoka. Wahudumu watakuzuia mlangoni hadi kikosi kimalize. Kurekodi video hakuruhusiwi. Kupiga makofi na kupaza sauti katikati ya onyesho kunaruhusiwa na kunatakiwa, na vigelegele vya mama zetu vinafika mbali kuliko filimbi za jirani. Shangilia na kikosi cha mwanzo pia. Kwa desturi wenye alama za chini hutangulia, na hao wamelala kwenye sakafu zilezile na kusafiri usiku kwa mabasi yaleyale.

Alama ni 100. Arobaini ni za athari ya onyesho kwa ujumla, thelathini za muziki, thelathini za macho, yaani gwaride, mpangilio na kundi la bendera. Majaji huzungumza kwenye kinasa sauti wakati wanatazama, na maelezo hayo walimu huyasikiliza baadaye ili kurekebisha. Kikosi bora kikipata alama za tisini kasoro mwezi Julai, usishangae kikifika 97 au 98 Agosti. Mwambie mwanao akupangie tatu bora kabla ya matokeo, nawe panga zako. Blue Devils wa Concord, California, ndio wenye ubingwa mwingi kuliko wote, lakini Boston Crusaders, walioanzishwa 1940, walitwaa wao wa kwanza wa DCI mwaka 2025. Usimpe mtu ushindi kwa jina.

Maswali ya kuuliza

Vibanda vya fulana ndipo mzazi anapopata majibu. Mara nyingi wanaouza ni wazazi na watu wa kujitolea, na ndio haohao wanaoshona sare na kupika kwenye lori la jiko. Nunua fulana moja, kisha uliza bila haya. Ada ya mwaka mzima ni kiasi gani, na inalipwa kwa awamu? Kuna msaada kwa asiye na uwezo? Nani analala ukumbini na vijana usiku? Mtoto akiugua safarini anapelekwa wapi, na bima ni ya nani? Dereva wa basi anapumzika saa ngapi? Majaribio ya mwaka ujao ni lini? Mengi huanza kati ya Novemba na Januari, kwa hiyo hapo Julai una nafasi ya kujipanga. Uliza pia kuhusu vikosi vidogo vya karibu na kwenu, maana vingine husafiri wiki chache tu na ada yao ni nafuu.

Mwambie mwanao awe pembeni yako unapouliza, na aandike majibu yeye mwenyewe. Njiani kurudi, muulize alimwona nani akikosea na alifanyaje baada ya kukosea. Ombi lenyewe la kujiunga lizungumzeni nyumbani, siku nyingine, karatasi ya ada ikiwa mezani.