Nyufa kwenye slabu? Cheki poda kwanza
Wakuu mnaomwaga stili mfululizo, slabu (bamba nene la stili) ikitoka na nyufa za kufuata urefu wake msikimbilie kulaumu maji ya kupoza, chekini kwanza shiti ya vipimo vya poda ya moldi (unga unaomwagwa juu ya stili ndani ya moldi, yaani kalibu, ukayeyuka kuwa slagi), uwiano wa chokaa kwa silika. Stili ya kaboni kama 0.1% inasinyaa vibaya ikianza kuganda, hiyo inataka uwiano uzidi 1 na floridi ya kutosha ili slagi ifanye fuwele, joto litoke polepole. Kaboni ikiwa nyingi ni kinyume, ganda la stili linanata kwenye kuta za shaba za moldi, hapo tafuta slagi ya kiookioo, isiyofanya fuwele. Ila stili ya alumini nyingi ndo msala, alumini inakula silika ya slagi inazaa alumina (oksidi ya alumini), slagi iliyokuwa inatiririka fresh inakuwa kama ugali, so pimeni slagi iliyomo ndani ya moldi, sio ya kwenye karatasi.