Mvua ya Kwanza Usipande, Itazame

Kaskazi ikianza kulegea, mwishoni mwa Februari, mimi huweka jembe chini na kuanza kuutazama uwanja. Nakaa Makorora, Tanga, na uani kwangu nina eneo la hatua kumi na nne kwa tisa. Alfajiri napika vitumbua vya kuuza. Saa mbili asubuhi nimeshamaliza, na muda wa bustani ni baada ya hapo. Mwaka wa kumi na moja sasa nalima hapo uani, na haya ninayoyaeleza ndiyo ninayoyafanya kila mvua za masika zinapokaribia.

Mdogo wangu yuko Uingereza. Ananiambia kwao kuna machipuko: miti iliyokuwa mitupu tangu Novemba inatoa majani Machi na Aprili, na watu wanatoka nje kupanda kwa sababu jua limerudi. Kwetu jua halijawahi kwenda popote. Kinachorudi ni maji. Kwa hiyo bustani ya Pwani ipange kwa kufuata maji kwanza, kisha jua, mbegu ije mwisho.

Nililipa ada ya somo hilo mwaka wa kwanza. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi udongo unanukia, nikashindwa kujizuia. Nikasia mchicha na bamia hata masizi ya jikoni sijanawa. Jua likawaka siku kumi na mbili mfululizo, miche ikakauka ikiwa na majani mawili mawili. Aprili nikapanda tena, safari hii karibu na ukuta wa nyuma, penye udongo mweusi mzuri. Sikujiuliza weusi ule umetoka wapi. Mei ilipokuja, na Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi hapa Tanga, pale pakawa bwawa. Mama mkwe wangu, alikuwa hai bado, alisimama mlangoni akaniambia, "Maji yana njia yake, mwanangu. Wewe umekwenda kujenga njiani."

Basi mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, usishike jembe. Ngoja ikatike, utoke na kopo la majivu. Mimi majivu ninayo kila siku, ya kuni za vitumbua. Kila dimbwi unalolikuta, lizungushie mstari mwembamba wa majivu pembeni yake. Kisha tafuta maji yalikopita: utaona mkufu wa takataka, majani makavu, sisimizi waliokufa, vimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Fuata huo nao, uchore. Chini ya paa matone huwa yamechimba vishimo vilivyopangana kama chuma cha vitumbua. Hapo pia chora, maana mche ukiuweka chini ya mchirizi wa bati utang'olewa mzimamzima.

Sasa nenda kanywe chai, urudi. Dimbwi lililokauka kabla hujamaliza chai halina neno. Lililobaki hadi adhuhuri si mahali pa mboga kabisa. Pape magimbi, ambayo yanapenda kusimama majini, na mgomba uwe kando yake, si ndani. Mvua ya pili itafuta mistari yako, nawe uchore upya. Pale ambapo mistari imejirudia ndipo unapopiga vigingi. Kwangu mimi kazi hii huchukua wiki mbili au tatu, na katika muda huo wote sipandi mbegu hata moja. Majirani wanapanda, miche yao inachipua, roho inaniuma. Lakini natulia.

Neno moja kuhusu majivu: ni ya kuchorea, tena kidogo. Watu wengi huyamwaga kwenye matuta wakidhani ni mbolea ya bure. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tanga imekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Udongo wa namna hiyo una chokaa ya kutosha tayari, na majivu yanaongeza hali hiyohiyo. Matokeo yake madini ya chuma yanajifunga, mmea hauwezi kuyanyonya. Utaona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukiona hivyo usikimbilie dukani kununua mbolea ya chumvichumvi. Ongeza mboji.

Mboji yangu naianza Januari ili iwe tayari mvua zikikolea. Tabaka la majani makavu, tabaka la samadi ya mbuzi, maganda ya ndizi na mboga, tena majani. Maji ya kuoshea mchele wa vitumbua namwagia humo. Machicha ya nazi natia machache na kuyafukia katikati ya lundo, kwani yakibaki juu yanaita panya. Kila baada ya wiki mbili nageuza kwa uma. Ikiwa tayari haina joto tena, inanukia kama msitu, na huwezi kujua ganda lilikuwa lipi. Samadi mbichi usiitie moja kwa moja kwenye shina, inaunguza.

Kuhusu jua, hili sijasikia watu wakilisema sana, na lilinigharimu tuta zima. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Wiki ya kwanza ya Machi, mnamo saa sita na nusu mchana, jua linapita utosini na kivuli chako kinajikunja miguuni. Baada ya hapo linahamia kaskazini na halirudi utosini mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Maana yake, ukipanga bustani Januari kwa kutazama vivuli vya Januari, umepanga kinyume: upande wa kusini wa ukuta, uliokuwa unawaka jua, unaingia kivulini muda wote wa masika. Mwezi wa Juni ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha mita 1 hivi upande wa kusini, tena hapo ni mchana kabisa. Kwa hiyo mboga zinazotaka jua kali, bamia, pilipili, biringanya, nyanya chungu, zipe upande wa kaskazini wa ukuta. Simama uani saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, upige kigingi kivuli kinapoishia.

Upande wa kivuli nao usiudharau. Mkoa wetu huu umetoa ua linalokaa madirishani kwa watu Ulaya nzima, ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku mwaka 1892, akapeleka mbegu kwao, na ndiyo maana wataalamu wakaliita Saintpaulia. Huku kwetu porini linaota kivulini, kwenye miamba yenye unyevu. Simwambii mtu akaling'oe huko, limebaki haba. Lakini nikiliwaza siuoni tena upande ule wa ukuta kuwa ni wa kutupia ndoo mbovu. Mimi nimeweka tangawizi hapo, na kitalu cha miche inayohitaji kufichwa jua la mchana.

Matuta ya masika yawe ya kuinuka, kama sentimita 25 kutoka chini, na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Yalaze kukata mteremko, si kufuata mteremko. Kingo zake mimi nazizuia kwa makumbi ya nazi yaliyochomekwa wima. Hayaozi haraka na yananyonya maji. Kiangazi nafanya kinyume, nachimba matuta ya kuzama ili maji yasikimbie.

Nikishaona mvua zimekaa, hapo napanda. Redioni nasikiliza utabiri wa masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kichwani nakumbuka hesabu ya babu yangu wa Pangani, aliyehesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili. Lakini kipimo changu cha mwisho ni kidole: nachomeka kidole cha shahada ardhini mpaka mwisho. Kikitoka na unyevu hadi kwenye ncha, siku tatu mfululizo, nasia.

Mchicha nasia kwanza. Baada ya wiki nne uko sufuriani. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga, la sivyo zitaota zimesongana. Matembele hayana shida: kata rando la urefu wa mkono hadi kiwiko, lilaze, fukia katikati, acha ncha nje. Bamia loweka usiku mmoja. Kunde panda kwa ajili ya majani, ukichuma mapema zinachipua tena. Mpapai uweke juu ya kichuguu ulichokiinua mwenyewe, kwani mizizi yake ikisimama majini siku mbili mti umekwenda. Na tia miche mitatu shimo moja, usubiri maua, ndipo uone dume na jike uamue wa kubaki.

Kabichi na karoti sipandi. Zinashuka kutoka Lushoto, kwenye baridi yake, na sokoni Mgandini nazipata nzuri kuliko zangu zitakavyowahi kuwa. Uwanja mdogo usiupe mmea usiopenda joto.

Kuna mboga moja haitaki upange lolote, nayo ni mchunga. Mvua zikikolea unajiotea wenyewe, kwenye njia, kando ya matuta, na wageni huupalilia wakidhani ni gugu. Mimi nimeuachia kipande kizima. Nauchuma asubuhi, nauchemsha, namwaga maji ya uchungu wa kwanza, kisha naupika kwa tui zito. Uchungu kidogo unabaki, na huo ndio ladha ya masika kwangu.

Wadudu: konokono wakubwa hutoka usiku baada ya mvua, toka na tochi saa tatu, waokote kwa mkono, watie ndooni. Vidukari kwenye kunde nawapiga maji ya sabuni, jioni. Kopo, kifuu, gurudumu, chochote kinachoshika maji kipindue kila wiki, kwani mbu hahitaji zaidi ya siku nane au kumi kutoka yai hadi kuruka.

Na tafadhali, acha nafasi ya kukaa. Mimi nimeacha hatua mbili kwa mbili chini ya ukingo wa paa, hakuna kilichopandwa hapo isipokuwa asumini kwenye nguzo na mrehani pembeni. Jioni mvua ikikatika natandika mkeka. Vyura wanaanza, mmoja kwanza, kisha wote. Kumbikumbi wanazunguka taa, wajukuu wanawakimbiza. Mikono bado ina udongo, chai ya mchaichai niliyoukata palepale iko kando, na mistari ya majivu imeshafutika.

Nyanya zenyewe sijazigusa bado. Mvua za Aprili na Mei zinaziletea bakajani, majani yanaungua ukitazama. Kitalu chake nitakisia wiki ya mwisho ya Mei, na miche itahamia upande wa kaskazini wa ukuta wa jikoni, pale kilipo kigingi cha tatu.