Ngalawa ya ndara: kuiunda na kuishindanisha na watoto

Hii ni ya wazazi wa Mombasa ambao watoto wao likizo nzima ni simu tu. Pesa haitoki sana manake kitu kikubwa ni ndara mbovu, na hiyo kila nyumba iko, ukikosa shuka ufuoni utaokota za rangi zote. Na usidharau ndara, ile jahazi ya Lamu ya Flipflopi iliyoshushwa majini 2018 imevikwa mabaki ya ndara kama elfu 30 na 2019 ikaenda mpaka Zanzibar.

Hatua ya 1, mwili. Chukua ndara ya mtu mzima, toa kanda, chonga mbele iwe na ncha, nyuma iache pana. Kisu shika wewe. Tafuta ile ya sponji nyepesi, za raba nzito zinalala majini.

Hatua ya 2, mkuku, yaani ule uti wa chini ya chombo. Bila huu, tanga likipata upepo tu chombo chapinduka. Kata plastiki ya mtungi wa mafuta ya kupikia, upana vidole vitatu, pasua mwanya katikati ya ndara kwa urefu uichomeke plastiki itokeze chini, halafu kwenye ncha ya chini funga msumari wa inchi tatu uwe uzito. Kipande kingine kidogo nyuma, huo usukani. Ukitaka iwe ngalawa haswa tia matengo, ile mikono ya pembeni: chelewa mbili (njiti za ufagio wa makuti) zikatize juu na kila upande kipande cha ndara kinachoelea, hapo hata msumari utoe.

Hatua ya 3, mlingoti na tanga. Mlingoti ni kijiti cha mshikaki, foromali, kile kijiti cha kufungia tanga, ni chelewa. Karatasi ikirowa imekwisha, na mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu 2017, kwa hivyo kata kitambaa cha mwavuli uliovunjika, pembe tatu. Kona ya nyuma funga uzi, ndio demani yako, ulegeze au uukaze.

Sasa hapa ndipo wengi wanaharibu: wanagandisha mlingoti na gundi moja kwa moja. Usigandishe! Toboa matundu matatu yafuatane kutoka katikati kwenda mbele, kisha jaribu majini upepo ukitoka ubavuni. Omo, yaani ile ncha ya mbele, ikigeuka kila saa kutazama upepo, peleka mlingoti tundu la mbele, ikiukimbia upepo rudisha nyuma. Waachie watoto waligundue wenyewe, watabishana weee lakini watajua.

Hatua ya 4, mashindano. Nendeni maji yakipwa, kwenye vidimbwi vya ndani ya mwamba, maji yasipite magoti ya mtoto mdogo kabisa, na wavae viatu kwa sababu ya miiba. Saa ya jana si ya leo, maji husogea kama dakika 50 kila siku, na yakianza kujaa tokeni. Pepo za kusi au kaskazi zote kwetu huku zasukuma kuja pwani, kwa hivyo vyombo vyarudi vyenyewe, ila asubuhi mapema upepo waweza kutoka bara ukavipeleka nje na mtoto akavifuata, hiyo saa msiende.

Anzeni upepo ukiwa mgongoni, demani imelegezwa, hatua kama 15 hivi. Ukishaachia hakuna kugusa wala kupuliza wala kutia mawimbi kwa mkono. Mshindi apewe mabuyu, wa mwisho ndiye anaokota vipande vyote vilivyobanduka.