Kinolewacho Hupata: Kununua na Kutunza Zana za Mkono na Mashine ya Kukata Nyasi

Mkulima anayeingia dukani kununua jembe huvutwa na rangi na bei. Vyote viwili havisemi lolote kuhusu umri wa jembe hilo. Ligeuze uangalie pale chuma kinapokutana na mpini, kwa sababu zana nyingi za mkono hufia hapo: pete (tundu la chuma linalopokea mpini) hupasuka, shingo hukunjika, ribiti hulegea, mpini huvunjika palepale unapoingia kwenye chuma. Bapa likiisha makali utalinoa, lakini kiungo kikiwa kibovu tangu kiwandani hakuna matunzo yatakayokiokoa.

Jembe la kudumu ni la chuma kilichofuliwa. Bapa na pete huwa kitu kimoja, na pete huwa nene kuliko bapa. Ukiona alama ya kuchomelea imeizunguka pete, au bapa lina unene uleule kila mahali kama bati lililokatwa kwa mkasi, hilo ni jembe la kazi nyepesi, labda palizi kwenye udongo uliokwisha kulainika. Ukilipeleka kuvunja ardhi ngumu utarudi dukani mapema. Kwa sepetu, tazama chuma kinapanda kiasi gani juu ya mpini. Kikipanda shibiri nzima na kufungwa kwa ribiti mbili, nguvu ya kunyanyulia udongo inagawanyika. Kikiishia chini, mpini unabeba mzigo wote peke yake. Panga nalo liwe na chuma kinachokwenda hadi mwisho wa mpini, ukione kati ya vibao viwili vilivyobanwa kwa ribiti.

Kisha uliza: hiki kinafunguka? Mkasi wa kupogolea uliofungwa kwa bolti na nati utaufungua, utausafisha, utaunoa na kuubadilishia springi. Uliobanwa kwa ribiti ukilegea ndiyo mwisho wake. Mimi huwashauri wakulima wanunue zana chache zinazofunguka kuliko kujaza stoo kwa zisizotengenezeka, na ushauri huo sijaona sababu ya kuubadilisha.

Mpini ni mti, na mti una nyuzi. Uinue usawa wa jicho uutazame kwa urefu. Nyuzi zikikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mpini huo utapinda kidogo ukilemewa kisha urudi. Zikikata mshazari na kutokea ubavuni, siku moja utapasukia hapohapo, na kwa mpini wa shoka hiyo ni hatari ya kweli. Kataa pia mpini wenye fundo karibu na chuma. Kama umepakwa rangi nzito, ikwangue: rangi huficha nyufa, na vanishi inayong'aa huotesha mikono malengelenge.

Iko tabia inayoua mipini mingi, ya kuloweka shoka au jembe lililolegea ndani ya ndoo ya maji ili mti uvimbe na kukaza. Unakaza, ndiyo, kwa muda. Lakini mti ukivimba ndani ya pete ya chuma isiyotanuka, nyuzi zake zinapondeka. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweshwa, na chuma kinalegea zaidi. Dawa ni kabari. Usimamishe mpini wima, chuma kikiwa juu, ugonge kitako chake chini mara kadhaa; chuma kitashuka na kukaa mahali pake. Kisha pigilia kabari ya mti mgumu na mkavu, ukate kinachozidi. Jembe ambalo mpini wake unaingia kutoka upande mwingine na kunenepa mwishoni halihitaji kabari, maana kila pigo linalikaza lenyewe.

Baada ya hapo paka mpini mafuta ya mbegu za kitani, tabaka jembamba, usubiri yanywewe, ufute yaliyobaki, urudie kesho yake. Angalizo moja ni muhimu sana: kitambaa kilicholowa mafuta hayo usikifinyange na kukitupa pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa.

Sasa kunoa. Jembe butu halikati magugu, linayasukuma, na mkulima hulipia tofauti hiyo kwa mgongo wake. Libane jembe kwenye jiliwa, yaani kibanio cha chuma cha mezani, au ulikandamize kwa mguu juu ya gogo kama huna jiliwa. Shika tupa kwa mikono miwili. Tupa hukata inaposukumwa mbele tu, kwa hiyo sukuma, inua, rudisha, sukuma tena. Ukiiburuza kurudi nyuma unayaua meno yake. Fuata mteremko uleule wa makali ya mwanzo, na kama umeshapotea, pembe ya nyuzi 30 hadi 45 inafaa jembe: makali membamba mno yatakunjika kwenye jiwe la kwanza. Endelea mpaka kidole chako, kikipitishwa kwa upole upande wa pili kutoka bapani kuelekea nje, kihisi kinyuzi chembamba cha chuma kimejikunja kwenye ukingo wote. Kinyuzi hicho ndicho ushahidi kwamba umefika ukingoni. Kiondoe kwa kupitisha jiwe la kunolea mara moja mbili, limelazwa bapa upande huo. Panga na shoka hunolewa pande zote mbili. Mkasi wa kupogolea hunolewa upande wenye mteremko tu. Upande ulio bapa ukiuchonga, visu viwili vitaacha nafasi kati yake na mkasi utatafuna tawi.

Jiwe la umeme lina haraka, lakini angalia rangi ya chuma. Makali yakigeuka bluu, joto limekaribia nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu ambao kiwanda kiliupa chuma hicho umepotea pale palipogeuka. Yataonekana makali jioni na kuwa butu kesho kabla ya saa sita. Gusa kidogo, chovya kwenye maji, gusa tena. Kwa zana za mkono, tupa inatosha.

Kila siku kazi ikiisha, kwangua udongo kwa kijiti, kausha chuma, pitisha kitambaa chenye mafuta ya mashine kidogo, tundika zana ukutani. Udongo mbichi ukilala kwenye chuma, kutu huanza usiku huohuo, na mbolea za chumvichumvi huiharakisha, kwa hiyo sepetu lililochota mbolea lioshwe na kukaushwa bila kungoja. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiitumie: ina masizi na kemikali zinazodhuru, nawe unaipeleka moja kwa moja kwenye udongo na kwenye ngozi yako. Kutu iliyokwisha kuingia hutoka ukilaza chuma kwenye siki usiku kucha, ukasugua kwa brashi ya waya, ukasuuza, ukakausha na kupaka mafuta papo hapo. Visu vya kupogolea vina jambo la ziada: hubeba magonjwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba, kwa mfano, husafiri kwenye panga kutoka shina hadi shina. Futa makali kwa spiriti ya asilimia 70 unapohama mmea wenye dalili. Dawa ya klorini nayo huua vimelea, ila hula chuma, kwa hiyo ukiitumia suuza vizuri.

Tuje kwenye mashine ya kukata nyasi. Ya kwanza ilisajiliwa Uingereza mwaka 1830 na Edwin Budding, aliyechukua wazo kutoka kwenye mashine ya kusawazishia manyoya ya vitambaa kiwandani. Mtindo wake wa visu vilivyozungushwa kwenye ngoma bado upo, na kwa uwanja mdogo ulio tambarare naupendekeza kwa moyo wote: unausukuma kwa mkono, hauna petroli, na unakata kama mkasi kwa kubana jani kati ya kisu kinachozunguka na kisu kilichotulia. Ukitaka kujua kama umerekebishwa sawa, ingiza karatasi kati ya visu hivyo na uzungushe ngoma polepole kwa kuishika mbali na makali. Karatasi ikatike safi kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kisu.

Mashine ya injini yenye kisu kimoja cha kuzunguka chini hukata kwa kasi ya pigo. Kisu kikiwa butu hurarua jani, na baada ya siku mbili tatu uwanja unaonekana kahawia juu. Kabla ya kukigusa, chomoa waya wa plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, uuweke mbali. Kwenye mashine ya betri toa betri. Hili halina msamaha, kwa sababu kukizungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Ukiilaza mashine, chujio la hewa na kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa) viwe juu, vinginevyo oili itaingia kwenye chujio. Noa kwa tupa, kiasi sawa kila upande, kisha tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguze kidogo mpaka kisu kitulie sambamba. Kisu kisicho na mizani huitetemesha mashine na kuila taratibu.

Oili ya injini ndogo yenye tangi lake la oili, ibadilishe baada ya saa 5 za kwanza ikiwa mpya, kisha kila saa 50 au mara moja kwa msimu, isipokuwa kitabu chake kikielekeza vingine. Angalia kipimo cha oili kila unapowasha. Chujio la hewa lisafishwe kila saa 25, mapema zaidi penye vumbi. Andika saa hizo kwenye daftari, maana kumbukumbu hudanganya. Mashine zinazochanganya oili na petroli zifuate uwiano wa kitabu: 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita, 40 kwa 1 ni mililita 25. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuacha utando kwenye kabureta, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya mashine kugoma baada ya kupumzishwa. Kabla ya kuiweka kwa muda mrefu, toa petroli tangini na uiache injini ingurume mpaka izime yenyewe. Kwangua pia nyasi zilizoganda chini ya kifuniko, maana hushika unyevu na kula bati.

Kisu kikigonga jiwe na injini ikazima ghafla, usivute kamba tena na tena. Kuna kipande kidogo cha chuma laini kati ya shafti na gurudumu zito la injini, ambacho kinaweza kukatika au kuhama kwa pigo kama hilo. Kikihama, cheche huja wakati usio wake, kamba hukurudisha mkono kwa nguvu, na injini haiwaki. Ni kipuri cha bei ndogo, fundi hukibadilisha haraka. Kagua na kisu chenyewe: kilichopinda, chenye ufa, au kilicholika na kuwa chembamba karibu na mbawa zake hakinyooshwi wala hakichomelewi, kwa sababu kipande chake kikichomoka kinaruka kwa kasi ya kuvunja mfupa. Nunua kingine cha namba ileile ya mashine yako, na ukaze bolti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu.