Ndoto za kutisha kila mara: jinsi ya kutafuta chanzo chake hatua kwa hatua

Ukimwambia mtu umeota vibaya, atakuuliza umeota nini. Mimi ni muuguzi, nimefanya zamu za usiku kwa miaka mingi, na siku hizi swali hilo naliacha nyuma kidogo. Naanza na mengine: umeshtuka saa ngapi? Yalianza lini? Siku hizo kilibadilika kitu gani? Kufukuzwa, kuanguka shimoni, kuzama majini, hayo huota mwenye afya na huota mgonjwa vilevile. Saa na kilichobadilika ndivyo vinavyotupeleka kwenye chanzo.

Ndoto mbaya ya mara mojamoja si ugonjwa. Somo hili nimemwandikia yule anayeota hivyo kila wiki, kwa wiki nyingi, mpaka akiona giza linaingia anaanza kuogopa kitanda. Hauko peke yako: katika kila watu wazima 100, kati ya 2 na 6 hivi huota ndoto za kutisha kila wiki. Wengi hawamwambii daktari kwa sababu wanaona ni jambo la aibu, au la kitoto.

HATUA YA KWANZA: Jua ni kipi hasa kinachokupata

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio unaotawala. Alfajiri ikikaribia, ule usingizi wa ndoto unazidi kurefuka. Waliouanika kwa mara ya kwanza ni Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1953: waliona kwamba kuna nyakati macho ya mtu aliyelala yanacheza haraka chini ya kope, na ukimwamsha hapo mara nyingi anakusimulia ndoto. Wakati huo ubongo unachangamka karibu kama wa mtu aliye macho, lakini misuli imelegezwa ili mwili usiitende ndoto.

Ukishaelewa hilo, mambo matatu ambayo watu huyachanganya yanatengana yenyewe.

Ndoto ya kutisha huja zaidi nusu ya pili ya usiku, tuseme saa tisa au saa kumi. Unashtuka, unajua uko wapi, na unaikumbuka ndoto vizuri, pengine vizuri kuliko unavyotaka.

Hofu ya usingizini huja mapema, ndani ya saa moja mpaka tatu baada ya kulala, kutoka kwenye usingizi mzito. Mtu anapiga ukelele, anakaa kitandani, macho wazi, jasho linamtoka, wala hakutambui. Asubuhi hana habari. Aghalabu ni watoto.

Kukabwa na jinamizi ni kitu kingine kabisa. Umezinduka, unaona chumba, ila huwezi kuinua hata kidole. Kifua kizito, na huenda ukahisi kuna mtu amesimama pembeni. Akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa. Hudumu sekunde chache hadi dakika chache, inatisha mno, lakini yenyewe haiui. Huwapata sana waliokosa usingizi wa kutosha na wanaolala chali.

HATUA YA PILI: Weka daftari kando ya kitanda kwa siku 14

Daftari na kalamu, basi. Simu ina mwanga na ina mengine ya kukuvuta. Andika saa uliyolala, saa uliyoshtuka, ulikuwaje ulipoamka (jasho? moyo kwenda mbio? kichwa kuuma? kukosa pumzi?), dawa ulizokunywa na saa zake, na kama ulikunywa pombe. Ndoto yenyewe iandike kwa sentensi moja tu. Daktari atakayesoma kurasa hizo atapata mengi kuliko ukimwambia "nalala vibaya".

HATUA YA TATU: Tafuta kilichobadilika, na uanze na dawa

Hapa ndipo ninapowaomba msisome haraka. Nimeona watu wakiteseka miezi sita, wakidhani wamerogwa au wanaingiwa na wazimu, kumbe yote yalianza wiki ileile walipobadilishiwa dawa.

Baadhi ya dawa za presha na moyo, hasa propranololi na metoprololi, zinajulikana kuleta ndoto za kutisha. Zimo pia dawa nyingi za sonona. Efavirenzi inayotumika kwa virusi vya Ukimwi. Meflokwini ya malaria. Levodopa ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Vareniklini ya kuachia sigara. Hata melatonini ambayo wengi huinunua ili walale. Montelukasti ya pumu na mzio iliwekewa onyo kali na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya madhara ya akili na tabia, na ndoto mbaya zimo kwenye madhara hayo. Mzazi ambaye mtoto wake anaitumia anapaswa kulijua hili.

Kuacha ghafla nako huleta balaa lake. Dawa nyingi za usingizi, za wasiwasi na za sonona hupunguza usingizi wa ndoto, na zikikatwa kwa mkupuo ubongo hudai deni lake lote kwa pamoja. Pombe hufanya vivyo hivyo ndani ya usiku mmoja: inakulaza upesi, inaubana usingizi wa ndoto, kisha ikishaisha mwilini usiku wa manane ndoto zinafurika. Ukikosa usingizi siku kadhaa halafu ukalala sana, utaona mtindo uleule. Homa nayo huchafua ndoto, ila hiyo huondoka na ugonjwa.

Usiache dawa ya daktari kwa sababu ya somo hili. Baadhi ya hizo nilizozitaja, kama za moyo, ukizikatiza ghafla zinaweza kukuangusha kabla ya ndoto haijakufanya lolote. Mrudie aliyekuandikia ukiwa na daftari lako. Pengine atabadili saa ya kunywa, pengine kipimo, pengine dawa yenyewe.

HATUA YA NNE: Uangalie mwili

Muulize mnayelala chumba kimoja: je, nakoroma kwa nguvu, halafu nanyamaza, halafu navuta hewa kwa kishindo? Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini. Pumzi inasimama sekunde 10 au zaidi, mara nyingi kwa saa moja, na wapo wanaoota wanakabwa au wanazama. Ukiamka umechoka, kichwa kinauma na mchana unasinzia, pimwa. Wengi wakianza kutumia mashine ya kusukuma hewa, ndoto zinapungua pamoja na mkoromo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini: ukishtuka kwenye ndoto mbaya umelowa jasho na unatetemeka, pima sukari palepale, usisubiri asubuhi. Inaweza kuwa imeshuka.

Na kama mtu anapiga ngumi na mateke akiwa ndotoni, soma swali la mwisho hapo chini.

HATUA YA TANO: Uangalie na moyo

Ajali, vita, kubakwa, kupigwa, kufiwa ghafla. Ndoto zinazorudia tukio lenyewe ni moja ya dalili kuu za kiwewe, na zinaweza kuendelea miaka mingi baada ya jeraha la mwili kupona. Wasiwasi na sonona nazo huleta ndoto mbaya, na ndoto hizo zikiharibu usingizi, sonona inazidi. Gurudumu linajizungusha.

Nalisema wazi kwa sababu ukimya unaua: tafiti nyingi zimeona kwamba ndoto za kutisha za mara kwa mara huandamana na mawazo ya kujiua, hata kwa watu ambao sonona yao si kali. Ikiwa unaota hivi na umeanza kufikiri kwamba ni afadhali usingekuwepo, leo hii mwambie mtu aliye karibu nawe, akupeleke hospitali. Hatua zilizobaki zitakusubiri.

HATUA YA SITA: Iandike ndoto upya

Hii ndiyo tiba ninayoipenda kuliko zote, na watu wengi hawajawahi kuisikia. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168 waliokuwa wamepitia ukatili wa kingono. Waliofundishwa mbinu hii ndoto zao zilipungua na usingizi wao ukawa bora kuliko wa wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao.

Inafanywa mchana, ukiwa macho na umetulia. Chagua ndoto moja. Usianze na ile mbaya kuliko zote wala ile inayorudia tukio la kweli neno kwa neno. Chukua ya kati. Iandike. Kisha ibadilishe popote unapotaka, namna yoyote unayotaka, na uiandike upya yote. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiota amefungiwa chumba kinachojaa maji aliandika kwamba chini ya maji alikuta mlango, akaufungua, akatokea kwenye bustani ya nyumba ya utotoni. Hakulazimika kushinda wala kupigana. Alibadilisha mlango mmoja tu.

Halafu kila siku, dakika 10 mpaka 20, funga macho uipitie ile mpya kama unayeitazama. Ile ya zamani usiipitie tena. Kwa wiki chache endelea na hiyo moja au mbili, usizirundike. Ikiwa kuandika kunakurudishia tukio zima mpaka unatetemeka, simama, ukaifanye na mtaalamu wa afya ya akili.

Kuna dawa pia, prazosini, ambayo asili yake ni ya presha. Madaktari wa askari waliotoka vitani waliitumia sana, lakini utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2018 haukuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Wapo wanaosaidika nayo. Hiyo ni ya daktari kuamua, si ya kuazimana.

MASWALI MLIYONILETEA

Swali: Sista, mwanangu ana miaka minne. Namlaza saa mbili usiku, ikifika saa tatu na nusu anapiga mayowe, nikimshika ananisukuma kama hanijui. Asubuhi anacheza tu. Nimuamshe?

Jibu: Pole, mama. Saa hiyo na kutokumbuka vinaonyesha ni hofu ya usingizini, na wengi huiacha wakikua. Usimtikise wala usimlazimishe aamke, utamchanganya zaidi. Kaa karibu, hakikisha hajigongi, subiri ipite. Kwa kuwa inakuja saa ileile, jaribu kumwamsha kwa upole kama robo saa kabla yake, umrudishe kulala, kwa wiki mbili hadi nne. Mlaze mapema pia, uchovu huichochea. Ila kama anakoroma, au anakakamaa na kurusha viungo kwa mpigo mmoja, mpeleke akapimwe.

Swali: Kula usiku sana ndiko kunakoleta ndoto mbaya?

Jibu: Tumbo lililojaa linakuamsha-amsha, na ndoto tunayoikumbuka ni ile tuliyoamkia. Jaribu kumaliza kula masaa matatu kabla ya kulala, uone daftari linasema nini. Lakini ndoto za kila wiki mara chache sana huisha kwa kubadili saa ya mlo peke yake.

Swali: Shikamoo sista. Nina ujauzito wa miezi saba, naota mtoto ananipotea. Ni ishara ya jambo baya?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana. Wajawazito huota hivi sana, hasa miezi ya mwisho, kwa sababu wanaamka mara nyingi usiku na moyo uko kwa mtoto. Ndoto haitabiri kitakachompata. Kama hofu inakuandama hata mchana, mwambie mkunga wako kwenye kliniki ijayo, naye asikupuuze.

Swali: Mimi najua maana ya ndoto zangu, ni za kiroho. Huko hospitali nitafuata nini?

Jibu: Sala yako usiiache, ndugu yangu, wala sikuja kukuondoa kwenye imani yako. Ila aliyekatika pumzi usiku anahitaji hewa hata akiwa mcha Mungu kuliko sisi sote. Peleka daftari, upimwe, na uendelee kusali.

Swali: Mume wangu ana miaka 58. Miaka miwili sasa anapigana usingizini, juzi amenipiga ngumi ya uso. Akiamka anasema alikuwa anafukuza mwizi, analia kwa aibu. Je, ni hasira amezificha?

Jibu: Pole sana, dada. Si hasira, na msamehe kabisa. Kumbuka nilivyosema kwamba ndotoni misuli hulegezwa, kama imefungwa kwa kufuli. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume waliovuka 50, kufuli hilo linafunguka na mwili unaitenda ndoto. Madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota waliieleza hali hii mwaka 1986, na baadaye ikajulikana kwamba wengi wa wanaoipata bila sababu nyingine hupatwa na Parkinson au aina fulani ya ugonjwa wa kusahau, pengine zaidi ya miaka 10 mbele. Baba yangu alirusha mateke usiku kwa miaka tisa kabla mkono wake haujaanza kutetemeka. Tulikuwa tunacheka asubuhi, tukimuuliza jana alimpiga nani. Hakuna aliyetuambia, nami nilikuwa bado sijasomea kazi hii.

Si kila mmoja hufika huko. Dawa za sonona nazo huweza kulifungua kufuli hilo, kwa hiyo taja kila anachokunywa. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na uulizie pia kama siku hizi hasikii harufu vizuri au anapata choo kigumu. Lakini usiku wa leo, kabla ya miadi, ondoeni meza yenye pembe kando ya kitanda, tandikeni godoro chini upande wake, na wewe ulale kitanda kingine. Akiona vibaya, mwambie ni sista aliyeagiza.