Jua likipatwa nusu, lipe mgongo: namna ya kuliona bila kuharibu macho

Tarehe 2 Agosti 2027 jua linapatwa. Kule Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6, ila sisi wa Kenya na Tanzania tunapata la sehemu tu, yaani mwezi unamega kipande unapita zake, na hili la sehemu ndo baya kwa macho maana jua haliishi, hata likibaki jembamba kama ukucha bado linaunguza.

Inakuwaje? Mwezi unakatiza kati ya jua na sisi, kivuli chake kinaangukia dunia. Katikati kivuli ni kizito ila chembamba, pembeni yake kuna chepesi kinachotanda maelfu ya kilomita, ukiwa kwenye hicho chepesi unaliona jua limemegwa. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, mara nyingi kivuli kinatupita juu au chini.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walijaa Rujewa, Mbeya, kuona jua kama pete. Mimi nilikuwa Dar chini ya mwembe, nikatazama chini tu, na kila mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa hilali ndogo, mchanga wote hilali tupu! Sijasahau mpaka leo.

Sasa fanya hivi. Chukua kipande cha boksi, toboa katundu kwa sindano, lipe jua mgongo, shika boksi juu ya bega mwanga upite kwenye katundu uangukie karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa mita 1 toka kwenye boksi, jua linatokea dogo la milimita 9 hivi, isogeze mbali linakua ila linafifia. Usichungulie jua kupitia katundu, jamani.

Beseni la maji, filamu ya eksirei, CD, miwani ya jua hata ukivaa mbili, vyote HAPANA. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 14, cha fundi mageti mara nyingi ni 10 au 11, hakitoshi. Ndani ya jicho kukiungua hakuumi, mtoto anaangalia anacheka, baadae ndo anaona doa katikati ya kila anachotazama na linaweza lisitoke tena.

Watoto wapeni chujio la tambi lile la matundu ya duara, walishike juani waangalie kivuli chake chini, kila tundu linatoa kijua kilichomegwa.